Mizunguko Mia kwa Dakika Tatu

Mtera, 3 Juni 2024

Mpendwa Penina,

Salamu nyingi mwanangu. Mimi sijambo, ni magoti tu. Wajukuu huko Chimwaga wanaendeleaje? Naandika kwa sababu simu siku hizi zinakoroma, mtandao mbovu, siambulii neno.

Nimeitoa ile santuri ya kwaya aliyoimba mama yako mwaka 1979. Nataka ipigwe tarehe 20 Julai tutakapoweka msalaba kaburini kwake, watu wamsikie. Ila gramafoni inazunguka polepole mno. Sauti ya mama yako Zipora imekuwa nzito, kama mtu anaimba ndani ya gunia. Nimeikatia mkanda mpya kwenye mpira wa baiskeli, bado. Niulizie kwa mafundi.

Baba yako,
Elieza

Chimwaga, 11 Juni 2024

Shikamoo baba,

Sisi wazima, Edina amepona malaria. Magoti uyakande.

Fundi Ambokile anasema ubandike kikaratasi ukingoni mwa ile sahani inayozunguka, ushike saa, uhesabu. Ikifika mizunguko mia kwa dakika tatu, mashine ni nzima, usiiguse.

Na hilo la simu, baba, mimi nakusikia vizuri tu. Njoo tukayapime masikio. Miaka thelathini kando ya mashine ya kusaga si mchezo.

Mwanao,
Penina

Mtera, 24 Juni 2024

Mwanangu,

Hatujambo huku. Nashukuru Edina amepona.

Nimehesabu mara tatu, mia kamili, na sauti ni ileile ya gunia. Basi huyo fundi wako hesabu zake ni za mashine nyingine. Mimi nimesaga mtama ujana wangu wote, leo nifundishwe puli? Puli ya mota, kile kigurudumu kinachovuta mkanda, ikinenepa, mashine inakimbia. Nimeizungushia plasta ya vidonda mpaka ikafika mia na thelathini, na hapo ndipo nilipomtambua mke wangu. Nililia, Penina. Masikio yangu hayana neno, usinizeeshe.

Baba yako

Chimwaga, 2 Agosti 2024

Shikamoo baba,

Natumaini u mzima. Mimi sina raha, barua hii nimeichana mara mbili.

Pale kaburini uliniuliza kwa nini nilikimbilia kuzima mashine wakati watu wanafurahi. Hawakuwa wanafurahi, baba. Mama alitoka kwenye spika kama mwanambuzi. Walianza watoto kucheka, wakafuata wakubwa, hata mwinjilisti akaficha uso, na msalaba wa mama uko mbele yetu. Mashine ilikuwa sawa tangu mwanzo. Ni masikio yako. Kukwambia kwa mdomo ningelazimika kupiga kelele, na wote wangesikia. Nisamehe.

Mwanao,
Penina

Mtera, 19 Oktoba 2024

Mwanangu Penina,

Hamjambo nyote? Kwanza nilinyamaza kwa hasira, halafu kwa aibu. Hata kanisani niliacha kwenda.

Hospitali nilikwenda peke yangu. Daktari aliniandikia kwenye karatasi kwamba masikio hayatarudi. Tangu Septemba hata ile sauti ya gunia imeondoka.

Plasta nimeibandua, inazunguka mia yake. Jumapili moja nilimwomba jirani yetu Yasinta akae nami, anishike bega mama yako atakapoanza kuimba peke yake. Alinishika kwenye mzunguko wa arobaini na mbili. Sasa kila Jumapili naiweka santuri, nakitazama kile kikaratasi, nahesabu. Nikifika arobaini na moja, navua kofia.

Baba yako