Bibi Harusi Hakushushwa Njiani

Murusi,
Kasulu.
9 Agosti 2025

Mpendwa Shangazi Zuleha,

Assalam alaikum, na shikamoo nyingi kwako na kwa wote mlioko Pangani. Magoti yanaendeleaje? Mjukuu wako Nurudini ameniambia siku hizi unakwenda msikitini bila fimbo, nikafurahi sana. Sisi huku tu wazima, ila baridi imetubana. Asubuhi nafungua duka nimejitanda vitenge viwili.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza. Leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Ni habari ya ile pikapu. Unajua ndiyo miguu ya duka langu. Bila gari, sukari na sabuni hazifiki Kitanga wala Muyama, na wateja wa huko hawana subira, wanahamia kwa mwingine. Ndiyo maana nililinunua jipya kule Mwanza, lenye waranti ya injini, nikajua nimelala salama.

Unakumbuka siku tuliyokwenda Kibondo kumchukua Safina, mke wa mwanangu Hashimu. Wakati wa kurudi, tulipoipita Busunzu, taa nyekundu ya oili ikawaka, injini ikagonga mara moja na kuzima. Gasper, dereva wangu, hakuiwasha tena. Mimi nilitaka tumhamishie bibi harusi kwenye gari jingine. Hapo ndipo ulipopiga simu ukatoa amri kwamba bibi harusi hashushwi njiani. Nani angekubishia wewe?

Basi tukasimamisha lori la udaga, ile mihogo mikavu, la bwana mmoja wa Manyovu aitwaye Nkunzimana, likatuvuta kwa kamba hadi Kasulu. Safina yumo ndani na hina zake, unga wa mihogo unatua kwenye kioo. Soko zima lilitoka kututazama. Mtoto wa watu alilia, nami nikalia naye kwa hasira.

Evaline, mwalimu mwenzake Safina, ambaye siku ile alikaa mbele, alikurekodia video akakutumia ili uamini kwamba hatukumshusha. Kesho yake Safina alituomba wote tuifute, tukaifuta. Lakini mtaani walishampa jina, Bibi Kamba, na tangu hapo akawa hataki hata kusimama dukani.

Gari tulilipakia kwenye lori likapelekwa Mwanza kwa waliotuuzia. Walipochomeka mashine yao ya kupimia, ikatoa namba ya hitilafu, na maana yake ni kwamba pampu ya oili imekufa. Nikaona yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Meneja akaniambia waranti sina tena, kwa sababu kompyuta ya gari inaonyesha tulitembea mwendo mrefu baada ya taa kuwaka, kwa hiyo injini tumeiua wenyewe.

Shangazi, nilichemka. Nilimweleza kwamba gari lilivutwa, na ufunguo tuliuacha kwenye swichi ili usukani usijifunge na taa za tahadhari ziwake. Magurudumu yakizunguka, dashibodi inahesabu tu, hata kama injini ni maiti. Akasema maelezo yangu hayana ushahidi. Nikamwambia anisubiri, sijamaliza naye.

Sasa, mtu pekee ninayemjua asiyefuta kitu kwenye simu yake ni wewe. Nilimpigia Nurudini kimyakimya, unisamehe, akaikuta video katikati ya dua na mapishi ya mkate wa kumimina. Ila sikuthubutu kuionyesha bila ruhusa ya Safina. Nilimwomba kwa woga, maana aibu ni yake, si yangu. Aliendelea kuchambua maharage. Asubuhi nikamkuta mlangoni amevaa viatu vya safari.

Kule Mwanza, ofisini kwa meneja, simu aliiweka mezani yeye mwenyewe. Kila kitu kinaonekana: kamba, lori, taa nyekundu, mshale wa mzunguko wa injini umelala kwenye sifuri na namba za kilometa zinapanda. Halafu humo kwenye video ikasikika sauti yako ikitoka kwenye simu yangu, unauliza kwa ukali kama bibi harusi bado yumo garini. Meneja akataka kujua huyo bibi harusi ni nani.

"Ni mimi," Safina akamwambia. "Na sikushuka."

Yule bwana aliirudia video tangu mwanzo, kisha akamwita fundi wake. Hatukubishana tena. Wametufungia injini mpya na waranti yangu iko palepale.

Tukiwa njiani kurudi, tulipofika Busunzu, Safina alimwomba Gasper asimame. Akashuka, akanunua ndizi, akawasimulia wale kina mama wauza ndizi kwamba yule bibi harusi wa kamba ndiye yeye, wakacheka pamoja mpaka nikamfuata kumrudisha garini. Usinigombeze. Safari hii kashuka njiani, na sikuona sababu ya kumzuia. Leo ninapoandika yuko dukani anapima sukari.

Nisalimie Nurudini na Bi Mwanahawa wa jirani. Hashimu anakupa shikamoo. Mwenyezi Mungu akuzidishie afya na akupe nguvu ya kuja kutuona, pikapu itakupokea. Safina naye anakusalimu sana, na anaomba ile video usiifute.

Wako akupendaye, mtoto wa kaka yako,
Josina binti Abdulrahmani