Profesa wa Kaka Yako

Bibi yangu mpenzi, shikamoo.

Nakuandikia kwa Kiswahili, kama ulivyonifundisha jikoni huku kahawa ikichemka. Shuleni tunaandika Kiarabu tu, kwa hiyo nivumilie nikikosea. Nina habari ya kukupa, lakini nashindwa kuianza bila kukumbuka kwanza.

Kila Idi kaka yako alikupigia simu kutoka Tabora, na kila Krismasi ulimpigia wewe. Sisi wajukuu tulimwita Babu Padri, na nilipokuwa mdogo nilidhani Padri ni jina lake. Baadaye ukanieleza. Mlizaliwa Wakatoliki nyote wawili; yeye akaenda seminari, wewe ukaolewa na Babu, Mwarabu mwenye duka, ukasilimu. Harusini hakuja. Mlizozana miaka mingi, hata baada ya ninyi kuhamia hapa Ibra, Omani, mpaka mkachoka, mkakubaliana msizungumze habari za dini. Sasa mngezungumza nini? Mkamzungumzia profesa.

Alikuwa padri Mjerumani aliyemfundisha kaka yako chuo kikuu, alipopelekwa kusoma Ujerumani. Mtu wa sauti ndogo, mwenye haya, aliyeandika vitabu vyake kwa penseli, herufi ndogo kama sisimizi. Alipofundisha, ukumbi ulijaa mpaka watu wakakosa pa kukaa. Alisema Mungu hamtaki mtu aache akili yake mlangoni ndipo amwamini. Wewe ukajibu kwamba mwalimu wako wa Kurani naye anasema hivyo hivyo, na hiyo ilikuwa mara pekee niliyosikia dini ikitajwa bila simu kukatwa.

"Hajambo profesa wako? Anakula?" ulimuuliza siku moja.

"We mtoto wewe! Mtu ameitwa Roma kulinda mafundisho ya Kanisa zima, unaniuliza anakula?"

"Wallahi hali. Nimemwona kwenye televisheni, shingo imekuwa kama ya kuku."

Babu Padri alicheka mpaka akakohoa. Kisha siku moja akakwambia kwamba profesa amezeeka, ameomba kupumzika. Anataka arudi kwao, akae na kaka yake, aandike vitabu vyake basi. Papa hakubali kumwachia.

"Maskini," ulisema. "Si wamwache aende?"

Ulipomaliza kuzungumza uliuacha mkono wako juu ya simu. Mwaka ule Baba alikuwa ameshakuahidi kukupeleka Tabora, na kila kiangazi kulikuwa na sababu ya kungoja kiangazi kingine.

Halafu yule Papa akafariki. Jioni ile moshi mweupe wa kutangaza Papa mpya ulipotoka, tulikuwa sote sebuleni mbele ya televisheni. Pazia likafunguka, akatoka mzee wa nywele nyeupe, mikono juu, uwanja mzima ukipiga kelele za furaha. Mimi nikaruka. "Bibi, ni yeye! Profesa wenu!" Nikageuka, nikakukuta unalia.

Baba alipunguza sauti. "Mama, jirani watasikia. Watasema bado ni Mkristo, unamlilia Papa."

"Namlilia mtu asiyeachwa aende kwao," ulisema. "Zima kama unaona haya."

Baba hakuzima. Alikaa karibu yako, na asubuhi yake akaenda kuuliza bei ya tiketi. Ulianza kupanga sanduku: halua, khanjari, lile jambia dogo la mapambo, kanzu uliyoshona kwa kukisia, maana ulimkumbuka kaka yako akiwa kijana mwembamba. Lakini daktari akasema moyo wako hautaweza safari ya ndege. Ulilitazama lile sanduku, ukaniambia nilirudishe juu ya kabati. Hukulitaja tena. Mwezi wa Shaabani wewe ukatutoka.

Habari yenyewe ni hii, Bibi. Kaka yako amekuja.

Baba alimpokea Maskati, wakaja usiku. Si mwembamba tena. Ana tumbo, anatembelea fimbo, na anacheka kwa pua kama wewe. Mama alimpa ile kanzu, haikupita mabegani. Akaikunja vizuri, akaniuliza, "Alidhani nina ukubwa gani?" Nikamwonyesha kwa mikono. Hapo ndipo alipolia.

Ameniuliza nataka kusoma nini. Nimemwambia nataka kuwa mwalimu. Hakucheka. Baba amesema kiangazi hiki tutakwenda Tabora, na safari hii ameshalipa. Naomba Mungu atufikishe. Nitaiona nyumba mliyozaliwa, niitazame kwa niaba yako.

Jana tulimpeleka makaburini. Mimi nilibaki garini na Mama, barabarani, maana wanawake huku hatuingii makaburini. Makaburi yetu hayana majina, kwa hiyo Baba ilibidi amwonyeshe mawe yako. Babu Padri akavua kofia, akakaa chini kwenye changarawe, yule mzee mzito, suruali yake safi. Baba akajitenga kidogo akawaachia nafasi.

Alizungumza nawe muda mrefu. Sikusikia hata neno. Niliona midomo yake tu. Alikuwa akisema, anainamisha kichwa kama mtu anayengoja ajibiwe, kisha anaendelea.

Tangu tuliporudi nataka kumuuliza alikuambia nini, lakini nahisi hayo ni yenu wawili.

Mungu akulaze pema, Bibi. Sisi tunamtunza mgeni wako.

Ni mimi mjukuu wako, uliyenifundisha kuandika.