Mjane Hakuonekana Kwenye Kanda

Jumamosi, 6 Juni 1992. Nyabiyonza.
Betri mbili nimezichaji kwa jenereta ya parokia. Kamera ya padre haitaki mtu akae mbele ya mlango, uso unakuwa masizi matupu. Wazee nitawaweka ukutani.
Kazi yenyewe ni kikao cha ukoo kwa video. Haijawahi kutokea huku. Wazee wako nyumba tatu, hapa, Kamuli na Bugomora, na mkubwa wao wa Kamuli hainuki kitandani. Kanda itazunguka, kila nyumba itaangalia na kujibu. Wanaamua kama kibanja cha marehemu, shamba lake la migomba na kahawa, kibaki kwa mjane wake, Mama Koku, au kiende kwa shemeji yake. Mama Koku ana mabinti tu.

Jumapili, 7 Juni.
Tumerekodi. Wazee wanne kwenye vigoda. Nimehangaika mpaka wote wakaenea kwenye picha na kofia zao. Stendi nikaikaza usawa wa vifua vyao. Mama Koku kaongea vizuri, hakulia. Nimejisifu hata kwa padre.

Jumatano, 10 Juni. Kamuli.
Picha safi. Wazee wanaonekana mpaka mikunjo. Kisha ikaja sauti ya mwanamke, na mwanamke hayupo.
Nikakumbuka. Alikaa chini kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, kama wanawake wote wanavyokaa kikaoni, na mimi nilipima picha kwa vigoda. Hata kilemba chake hakikuingia. Mpumbavu mimi.
Mzee akauliza toka kitandani, "Nani huyo?" Nikasema ni Mama Koku.
"Mbona simwoni?"
Nikaanza kueleza habari za stendi. Hakunisikiliza. "Sauti isiyo na mtu ni ya wafu. Zima. Kibanja apewe shemeji yake."
Nilitakiwa kubisha. Nilizima.

Alhamisi, 11 Juni.
Nachuma kahawa, namsikia Mama Koku wa kwenye kanda. "Mimi nipo hapa, wazee wangu." Mchana kweupe, jua linawaka. Nikageuka mara mbili. Naogopa, na naona aibu kuogopa.

Jumapili, 14 Juni.
Nimemwendea Mama Koku, nikamwambia kosa ni langu. Hakunitukana, afadhali angenitukana. Nikamwomba akae kwenye kiti turekodi upya.
"Nikae juu kama wakwe zangu? Si ndiyo watanifukuza vizuri!"
Kweli. Nikakunja miguu ya stendi, nikalala kifudifudi kwenye nyasi. Nimempata uso wote, macho yote. Nimeangalia mara tatu kabla ya kuondoka.

Jumatano, 17 Juni. Kamuli.
Nimekuta watu wamejaa uani, moto unawaka. Mzee amefariki alfajiri. Kanda mpya iko begini. Bugomora wameshatuma mtu kusema wanafuata neno la mkubwa wao, na neno lake ni lile la Jumatano iliyopita. Hakuna wa kulifuta. Nimekaa na waombolezaji, nikalia kweli. Wakadhani namlilia yeye.

Ijumaa, 19 Juni.
Sauti haijaondoka. Jikoni, kanisani. Sasa na uso upo.

Alhamisi, 2 Julai.
Mama Koku amerudi kwao juzi na mabinti zake. Leo nimepita pale kibanjani. Shemeji yake alikuwa anapunguza majani ya migomba. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia vizuri, akakata mkungu mmoja akanipa, asante ya kazi ya video. Nimeupokea kwa mikono miwili. Mke wangu anamenya.