Ng'ombe wa Mwaka Salama

Majura, rafiki yangu,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kujuliana hali. Hali yako naijua. Mbao za jeneza lako nilizipasua mwenyewe, nikachagua paini isiyo na vifundo, na Bwire, mwenzetu wa kiwandani, akazipiga randa mpaka zikawa laini kama za kabati la bibi harusi. Hali yangu ndiyo huijui, basi nikwambie: nimechoka. Uchovu wa magogo mtu akilala unaisha. Huu naamka nao, nauvalisha buti, natembea nao kutoka Nyasura mpaka kiwandani hapa Bunda, na jioni narudi nao nyumbani.

Nina hasira na wewe pia. Nalisema mapema ili usidhani nimekaa hapa kukusifu. Walikusifu vya kutosha kule Bugwema siku ya mazishi. Mchungaji alisema ulikuwa mtu mkweli, na mimi nilikuwa nimeshika koleo, nikaitikia amina pamoja na wengine. Wakati huo sikuwa najua lolote.

Kiwandani mashine ni ileile na kelele ni zilezile. Bado nasukuma gogo upande huu wa msumeno, na upande wako wamemweka mtu mwingine, mwenyeji wa Butiama. Anapokea mbao vizuri, simsemi vibaya. Ila mikono yake haiongei. Miaka yote ile tuliyokuwa hatusikiani kwa kelele, mimi na wewe tulijitungia maneno ya mikono: kushika sikio, meneja anakuja, kupapasa tumbo, chai imeiva, kuvuta ndevu ambazo huna, mama mkwe amefika kwa boti na hajataja siku ya kuondoka. Juzi nilisahau, nikamwonyesha huyu mwenzangu ndevu. Alizima mashine akaniuliza kama kidevu kinaniwasha. Nilicheka, halafu nikaenda nyuma ya lundo la mabanzi nikalia kidogo, nikarudi kazini.

Sasa habari ya ng'ombe.

Unakumbuka ofisi ilivyoianza. Mwaka ukiisha bila mtu kuumia, wageni kutoka makao makuu watakuja na cheti cha kutundika ukutani, na sisi tutachinjiwa dume kabla ya Krismasi. Pale getini wakaweka ubao wa kuhesabu siku bila ajali, na kila asubuhi dada wa usalama akawa anafuta namba ya jana na kuandika ya leo. Cheti tuliwaachia wao. Sisi, watu ambao baba zetu walijulikana kwa mifugo yao, tuliona dume. Kila mtu angepeleka fungu lake nyumbani, na nundu angepewa mfanyakazi aliyeongoza kwa usalama, mbele ya wote. Wewe nundu hiyo ulikwisha kuila kwa maneno. Ulikuwa unaniambia hata sufuria itakayotumika.

Na unakumbuka ya Sospeter. Mwaka wa kwanza msumeno ulimkata vidole zimebaki wiki chache tu, na ng'ombe akafutwa. Ni wewe uliyempa jina la Mla Ng'ombe. Ulilisema siku moja tu, wakati wa chai, ukiwa umeshika kipande cha muhogo, na tukacheka wote. Lakini jina likamng'ang'ania. Walimwita hivyo getini, wakamwita hivyo sokoni, mkewe akaulizwa kisimani kama bado wamebakiza nyama. Mwishowe aliacha kazi. Nasikia anachoma mkaa huko upande wa Buhemba.

Ndiyo maana nikisema naelewa kwa nini ulinyamaza, naelewa kweli. Kuelewa hakujaniondolea hasira.

Siku yenyewe mimi sikuwepo. Nilikuwa nimekwenda Buhemba na lori la matimba, yale magogo ya kuegemeza mashimo ya dhahabu, na kwa kuwa mashine yetu ilisimama, walikupeleka kubomoa mapaleti ya zamani. Buti mpya ulizopewa ulikuwa umezitunza kwa ajili ya kanisani. Ulivaa zile zilizolika soli, ukakanyaga ubao wenye msumari wa kutu, nao ukaingia mpaka ndani ya mguu. Hakuna aliyekuona. Ulikaa juu ya gogo, ukauchomoa, ukajifunga kitambaa, ukaendelea na kazi. Niliporudi nilikukuta unachechemea. Nikakuuliza kwa mikono, ukanijibu kwa mdomo kabisa, mashine ikiwa imezimwa, ili nisikie vizuri: "Mwiba wa shambani." Nami nikakutania kwamba mkulima mzee mzima hajui kutembea shambani kwake. Ulicheka, Majura. Ulinitazama machoni ukacheka.

Halafu taya likaanza kukaza. Ulisema ni jino. Mkeo akakukandia shavu na maji ya chumvi. Shingo ilipokakamaa na mgongo kupinda, majirani walikwisha anza kutaja watu waliokuonea wivu, na walipokukimbiza Musoma hospitali, daktari alisema ni pepopunda na kwamba mmechelewa sana. Ofisini wakasikia mfanyakazi wao kafa kwa kuchomwa na mwiba nyumbani. Walituchangia usafiri, wakatupa mbao bure, na meneja mwenyewe akaja kutupa udongo kaburini.

Siku tuliyokuzika, ubao wa getini uliongezwa siku moja. Kesho yake ukaongezwa nyingine. Nilipita hapo kila asubuhi na sikuona kitu, kwa sababu na mimi niliamini mwiba.

Aliyenifumbua macho ni mkeo. Nilimpelekea kule Bugwema mabanzi ya kuzibia jiko, tukakaa nje, akawa anachambua dagaa na hanitazami. Akasema, "Shemeji, nimesikia ng'ombe wenu yuko karibu. Wakinitumia fungu la Majura, mimi nawatupia mbwa." Nikamwambia asiseme hivyo, kampuni imemkumbuka vizuri. Ndipo akanieleza yote, kuhusu paleti, na kitambaa, na jinsi ulivyomwapisha wakati taya bado linafunguka: "Usiseme mpaka ng'ombe achinjwe. Sitaki waje kuniita nilivyomwita Sospeter." Alisema hataki kitu kwa mtu. Anachotaka ni mumewe asiwe amekufa kwa mwiba ambao haukuwepo.

Nilirudi Bunda nikiwa sina hata nguvu ya kuchukia. Siku kadhaa nilikaa nalo. Nilikuwa nawaangalia watu wakipanga fungu lao watampikia nani, nani ataalikwa, nikajiambia marehemu haamki, acha wale. Nakwambia ukweli, nilikuwa karibu kabisa kuacha.

Kisha dume akaletwa. Mweusi, ana doa jeupe tumboni, wakamfunga kwenye nguzo karibu na stoo, na watu wakawa wanampelekea majani wakati wa chai kama mgonjwa wa kutembelewa. Siku hiyo mchana nilikaa mkabala na Bwire. Unamjua Bwire kwa chakula. Akawa anakula ugali kwa mkono wa kushoto. Wa kulia alikuwa ameuweka mfukoni. Nikamwambia, "Bwire, mkono?" Akasema amelalia vibaya. Nikasema nione. Akanitolea macho, akazungusha kichwa kidogo tu kuelekea kwa yule dume, akasema kwa sauti ya chini: "Zimebaki siku chache, Masatu. Kula."

Sikuweza kumaliza sahani yangu.

Kesho yake kwenye kikao cha asubuhi, dada wa usalama alituuliza kama kuna mwenye la kusema, na kama kawaida hakutegemea jibu, akawa anakunja karatasi zake. Nikanyoosha mkono. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njia nzima, na yote yakapotea. Nikasema tu kwamba Majura hakuchomwa na mwiba. Alikanyaga msumari wa paleti, hapa, nyuma ya stoo ile, akaficha kwa ajili ya ng'ombe, na ndio uliomuua. Nikasema mkewe ananishuhudia. Nikasema pia kwamba wapo wengine hapa hapa wanaoficha, ila majina sikutaja.

Hakuna aliyepiga kelele. Ningependa wangepiga. Mtu mmoja nyuma alisema, "Masatu, umemaliza?" Dada wa usalama alikaa kwenye gogo. Ni binti mdogo yule, angeweza kuwa mwanangu. Akauliza, "Lakini kwa nini hakuniambia mimi?" Watu wote waligeuka wakamtazama ng'ombe.

Mchana pikapu ikaja kumchukua. Dume akagoma kupanda, akakaza miguu, na dereva akatuita tumsaidie. Kwa hiyo ni sisi wenyewe tuliomsukuma, Majura, mabega yetu kwenye matako ya Krismasi yetu, hakuna anayemtazama mwenzake. Wageni wa makao makuu walipigiwa simu wasije. Asubuhi iliyofuata dada wa usalama alifuta namba ya ubaoni akaandika sifuri. Alibaki amesimama pale na kitambaa mkononi muda mrefu. Nilipopita nilivua kofia, kwa sababu sifuri hiyo ilikuwa ni wewe. Ndiyo heshima pekee ambayo kiwanda kile kimewahi kukupa.

Yaliyofuata unaweza kuyakisia, maana watu wale unawajua. Benchi ya chai ninayokaa ilibaki na nafasi kubwa. Mwenzangu wa msumeno alipokea mbao bila kuniangalia. Jina la Sospeter wamenihamishia mimi, na nikiitwa naitika, nimechoka kubishana. Nyumbani mke wangu aliniuliza mara moja tu kama nilifikiria watoto kabla ya kufungua mdomo. Nikasema nilimfikiria Bwire. Akasema, "Bwire amekushukuru?" Wakati huo Bwire ndiye aliyekuwa ananitukana kuliko wote.

Basi Jumapili, tumetoka kanisani, nikamkuta amesimama nje ya uzio wangu. Nilimkaribisha, akakataa kuingia. Mkono wa kulia aliufunga kwa kitambaa cha mkewe, umevimba kama kiazi, na harufu yake niliisikia kabla sijaufungua. Kibanzi cha mkaratusi kilimwingia kiganjani wiki ile ng'ombe alipoletwa, akakiacha humo. Akasema, "Twende basi. Unaniumaga mpaka kwapani. Lakini usifikiri nimekusamehe ile nyama." Nikamwambia asinisamehe, atembee tu.

Alinuna njia nzima. Hospitali tulikaa kwenye foleni, na mimi nilikuwa naangalia taya lake kila alipomeza mate. Hujui ulichonifanya. Siku hizi naangalia taya za watu.

Zamu yake ilipofika, muuguzi alishika kalamu akamuuliza ameumia wapi. Bwire akanitazama, akautazama mkono wake, akatazama dirishani. Nilikuwa nimeshikilia ukingo wa benchi kama mtu aliye kwenye mtumbwi.

"Kazini," akasema.

Muuguzi hakuinua hata kichwa. Aliandika, akainuka kwenda kuleta sindano. Neno lenyewe lilikuwa dogo kiasi hicho. Daktari alimpasua kiganja, akatoa usaha na kipande cha mti, akasema mkono utapona na kwamba tumewahi. Tumewahi, Majura. Bwire alilala wodini akilalamikia chakula, na mimi nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikakulilia vile ambavyo Bugwema sikuweza. Mkeo aliniambia kwamba zahanati walikuuliza swali lilelile, ulipokuwa bado unaweza kusema, na ukawajibu shambani. Ulikuwa na mdomo wenye maneno kuliko sisi wote. Ulikosa hilo moja.

Bado sijakusamehe, nipe muda. Lakini nimekukumbuka kila siku, na wakati wa chai ndipo zaidi.

Mkeo nitamtembelea kila mabanzi yatakapopatikana, na watoto wako nitawaeleza baba yao alikufaje, bila mwiba. Na ninakuahidi jambo hili, kwa kuwa kwako sikulifanya: mtu yeyote akichechemea mbele yangu, awe rafiki au awe ananitukana, sitamtania tena. Nitazima mashine, nitapiga goti kwenye maranda, na nitamwambia avue kiatu nione.

Lala, ndugu yangu.

Masatu