Mama, Njia Imepona

Mama mkwe wangu, shikamoo.

Nimekuletea jibu. Ulipokuwa umelala hospitalini kule Moshi uliniuliza, "Njia imeshakaguliwa?" Nikasema bado. Ukageukia ukutani, na kesho yake ukatuacha. Swali lile limenikaa kooni tangu tulipokuzika hapa kihambani, kwenye shamba la nyumbani kwako. Leo nalijibu kwa sauti, na majirani wasikie: imekaguliwa, Mama, na imepona!

Unakumbuka yule mkaguzi wa hifadhi ya mambo ya kale, yule mrefu mwenye kofia, alipokuja mara ya kwanza kuikagua hii njia yetu ya mawe. Alisimama pale kona ya mfereji, mahali ambapo bodaboda walikuwa wameiacha njia ya mawe na kushuka moja kwa moja, mpaka pakachimbika korongo. Akasema, "Mama, hii njia imekufa. Tukirudi tukaikuta hivi, itafungwa, na barabara ya magari itapasuliwa hapa, katikati ya boma la kale la Mangi, chifu wa zamani." Ukamjibu, "Haijafa, imechoka." Nilitamani ardhi inimeze. Wewe ulikuwa unayakumbuka mawe yale uliyoyabeba kichwani ukiwa msichana, siku za msaragambo, baba yako na kijiji kizima wakiitengeneza njia pamoja.

Basi ukatuita na sisi kwenye msaragambo, tukayarudisha mawe. Kisha kila palipokuwa na mkato ukapanda mstari wa masale. Hee! Watu walicheka. Mimi mwenyewe nilikuuliza, "Mama, vijana wa pikipiki wataogopa majani?" Mimi ni mtoto wa Kiboriloni, nimekulia sokoni, ninachojua ni kuwahi. Ukaniambia, "Wewe Haraka, wale vijana wana mama zao. Watauliza nyumbani isale ni nini."

Na kweli waliuliza. Jani ambalo sisi Wachagga tunakwenda nalo kuomba msamaha, jani linaloshika mipaka ya vihamba, nani alikanyage? Wakawa wanafika pale, wanazima pikipiki, wanatukana kidogo, wanageuza kwenda barabara ya chini.

Ulipoondoka niliingiwa na hofu. Nilisema sasa watayang'oa, mwenyewe hayupo. Mvua ikikatika tu, mimi huyo, naenda kuangalia. Siku moja nikamkuta Elia, yule dereva bodaboda aliyekuwa akikuita bibi mchawi, amechutama anapanda isale jipya mahali lilipokauka la zamani. Aliona haya kweli. "Shikamoo mama, napita tu," akasema. Anapita, na jembe mkononi!

Wiki iliyopita wakaguzi wakarudi. Walianzia juu kwenye lango la boma, wakateremka polepole wakipima upana wa njia na kugonga mawe kwa nyundo. Mimi nyuma yao, najifanya natafuta majani ya ng'ombe. Tulipofika kona ya mfereji, yule mwenye kofia akainua mguu ashuke moja kwa moja akalione lile korongo. Akaona masale yako. Mguu ukabaki hewani, Mama! Akaurudisha, akavua kofia, akaizunguka kona nzima kwa njia ya mawe, na wenzake na vipimo vyao wakamfuata. Kumbe naye ni Mchagga wa Marangu.

Kutoka kule chini akatazama juu. Korongo limejifunika majani, mawe yametulia, maji yanapita kwenye mfereji wake. Akasema, "Huyu bibi aliniambia imechoka. Njia iko hai, inabaki." Barabara ya magari itapita kwingine, nje ya boma.

Nilipiga vigelegele mpaka ng'ombe wa jirani akakata kamba. Wanawake wakatoka migombani wakanipokea, tukaimba, tukacheza juu ya mawe yako. Jioni tulipika mtori wa ndizi na nyama kwenye lile sufuria lako kubwa, na Elia akaomba aongezewe. Nililia pia, Mama, katikati ya kelele zile zile. Ilikuwa sherehe yako, na kiti chako hakuna aliyekikalia.

Sasa sikiliza la jana, ucheke. Nimechelewa soko, mkungu wa ndizi kichwani, mvua inanyesha, nimefika kona ya mfereji. Ule mkato ungenifikisha chini mara moja, na hapakuwa na mtu wa kuniona. Nikasimama mbele ya masale. Nikasonya. Nikazunguka.

Nakuahidi hilo, Mama. Yakikauka nitapanda mengine, na mimi mwenyewe nitazunguka, iwe mvua isiwe mvua, nichelewe nisichelewe.

Pumzika sasa, njia yako ipo.

Ni mimi mkweo, Haraka, niliyefika sokoni jana wenzangu wakiwa wameshauza.