Bombay Hadi Colombo kwa Siku Moja

Colombo, Ijumaa jioni

Mke wangu Hawa, mama Maro,

Salamu nyingi zikufikie hapo Kulesa, wewe na mama mkwe na mtoto wetu. Hamjambo nyote? Mto umeshuka mkapanda mpunga, au viboko wamewatangulia shambani? Mimi ni mzima kabisa, na leo nina furaha tele.

Usikasirikie kimya changu. Homa kali ilinishika tulipofika Bombay, nikalazwa hospitali. Meli haikungoja. Iliondoka kwenda Colombo na kaka yako Komora ndani yake. Aliniaga akilia, maana hata daktari alikuwa amekata tamaa.

Siku niliyoruhusiwa kutoka, wakala wa meli alinijia mbio. "Injini ya meli yenu imekufa, meli ikavutwa mpaka bandari ya Colombo. Pampu imepasuka. Isipowaka kabla ya Ijumaa kwisha, mwenye meli atahamisha mizigo, na mabaharia wote wataachishwa kazi huko huko."

Pampu mpya ilipatikana Bombay, lakini kwa njia ya bahari ingechukua siku nne au tano. "Utaipeleka wewe kwa ndege," akasema. "Ikienda peke yake italala forodhani."

Mimi, mama Maro! Unazikumbuka zile ndege za kumwaga dawa ya nzige? Hii ingezimeza zote. Waliniambia safari ni maili elfu moja na ushei. Nikapiga hesabu: ni kama Garsen mpaka Mombasa mara saba, bila kukwama kwenye matope hata mara moja! Tuliondoka jana alfajiri. Ndege ilipopaa nilifumba macho, nikasoma kila dua ninayoijua. Nilipoyafumbua, mawingu yalikuwa chini yetu.

Tulitua Madras kutia mafuta. Hapo karani akasema ndege imezidi uzito, kasha langu lishushwe, litafuata wiki ijayo. Nikalikumbatia. "Likishuka, nashuka nalo," nikamwambia kwa Kihindi changu cha bandarini, "na wenzangu ndio basi tena."

Abiria wakaanza kunung'unika. Mama mmoja wa makamo, aliyekuwa akienda kumwoza bintiye, akaniuliza kuna nini. Nikamweleza. Akamgeukia karani: "Shusha masanduku yangu. Harusini nitaingia na sari hii hii niliyovaa." Nililia mbele za watu wala sikuona haya.

Jua halijatua, nilikuwa bandarini Colombo. Komora aliponiona alirudi nyuma.

"Jilo? Si tulikuacha unakufa Bombay?"

"Nimetoka huko leo asubuhi."

"Acha mzaha!"

"Nimepita angani. Nipokee kasha hili, mikono imekufa ganzi."

Akanigusa bega kwanza, kisha akapiga ukelele mpaka mabaharia wote wakatoka.

Leo, kabla ya sala ya Ijumaa, injini ikanguruma. Nahodha akapiga honi, bandari nzima ikageuka kutazama, na wenzangu wakanibeba juu juu. Hakuna aliyeachishwa kazi. Kesho tunang'oa nanga, na safari ni ya Mombasa!

Mwambie mama mkwe mwanawe Komora ni mzima na amenenepa. Nisalimie kaka yangu anayetulindia shamba, na mwalimu wa madrasa anayekusomea barua hii. Hapo penye ndege arudie mara mbili. Mkumbatie Maro kwa niaba yangu.

Ni mimi mumeo, Jilo, mtu wa kwanza wa Kulesa kuyatazama mawingu kutoka juu.