Damu ya Kwetu

Jericho, Nairobi
13 Juni 1994

Kaka yangu Mulongo,

Sauti isiyonitoka masikioni ni "Amina" yangu mwenyewe. Hatujambo. Mboga za sukumawiki za Mama zimefika dirishani, na mwanao Wekulo anamwita kila mwanamume baba.

Wiki juzi mifupa ilimuuma tena, akalia hadi majirani wakaja. Akina mama wa kanisa wakamzunguka mkeo. Mama akasema, "Triza, tubu. Kwetu ugonjwa huu haujawahi kuonekana." Wakaombea laana aliyokuja nayo imtoke, nami nikaitika "Amina" kuwashinda wote.

Triza akanitazama. "Wifi, hata wewe? Si magonjwa kama haya ndiyo mnayosomea chuoni?"

Ndiyo hasa. Mtoto haugui selimundu, ugonjwa wa damu alio nao Wekulo, mpaka aurithi kwa baba na kwa mama, wote wawili. Niliogopa Mama angesema baiolojia imeninyang'anya Yesu. Tangu siku hiyo, nikifumba macho niombe, namwona Triza, nayafumbua kwa aibu.

Najua Mama amekuandikia umrudishe kwao. Usimrudishe. Nilikwenda nikapimwa damu, na mimi pia nimeubeba ugonjwa huo, ingawa hauniumizi. Umo katika damu ya kwetu. Jana kanisani, wakati wa ushuhuda, nilisimama nikawasomea majibu yangu, kisha nikamwomba Triza msamaha mbele ya wote.

Mama hajasema nami tangu hapo. Leo asubuhi nimeomba tena, na aliyeitika "Amina" ni Triza.

Dada yako,
Asenath